Maji ya Ubani ya Bi Mwanarehema

Kila Ijumaa asubuhi, baraza ya Bi Mwanarehema ilinukia ubani. Watu wa mtaa wa Shika Adabu waliijua harufu hiyo. Wakipita njiani walisema, "Leo mtungi unafukizwa."

Mtungi wenyewe ulikuwa wa udongo, mkubwa, wenye tumbo pana. Bi Mwanarehema aliachiwa na mamake. Kando yake, kwenye msumari ukutani, ilining'inia kata ya kutekea maji. Kata hiyo ilikuwa kifuu cha nazi chenye mpini. Mpini ulivunjika zamani, kikabaki kipande kifupi tu.

Bi Mwanarehema ni mjane. Ana shamba la mihogo na minazi nyuma ya nyumba. Ana kisima. Ana ulimi mkali pia, na hilo hata yeye halikatai. Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa maji yake. Watoto wakitoka madrasa walipitia kunywa. Wauza samaki walipitia kunywa. Hakuna aliyenyimwa, na hakuna aliyekataa akikaribishwa.

Alikuwa na namna yake ya kuyatengeneza. Kwanza aliyatoa maji yaliyobaki mtungini, akayaweka kwenye sufuria. Kisha aliuinamisha mtungi juu ya chetezo chenye makaa na ubani. Moshi ukajaa ndani. Halafu alitia maji mapya. Mwisho, na hapa ndipo palipokuwa na siri yake, aliyarudisha yale maji ya zamani.

"Haya ni kama hamira," alipenda kusema. "Bila haya, maji mapya hayashiki ladha."

Alifunzwa hivyo na mamake, na mamake alifunzwa na mamake.

Katika nyumba hiyo aliishi pia mwanawe, Ismail, anayefanya kazi bandarini. Alikuwapo mke wa Ismail, Nasreen, aliyeolewa kutoka Magogoni, upande wa Kisauni. Na alikuwapo Nadira, mtoto wao wa miaka miwili. Nadira ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa. Akilia, wote walisimama.

Masika ya mwaka huo Nadira alianza kuhara. Nasreen alimkimbiza zahanati. Akapewa vidonge vya zinki na unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Mtoto akapona. Baada ya wiki mbili akahara tena. Akapona. Kisha ikaja mara ya tatu, na safari hii alikonda hata magauni yakawa yanamteleza mabegani.

Muuguzi alimwambia Nasreen, "Mama, chemsha maji ya kunywa."

Nasreen alichemsha. Kila siku aliwasha kuni na makumbi ya nazi, macho yakamtoka machozi kwa moshi. Maji yakishapoa aliyamimina mtungini. Na bado Nadira alihara.

"Pengine huyachemshi vizuri," Bi Mwanarehema alimwambia.

"Mama, nayachemsha mpaka sufuria inatikisika."

"Basi itakuwa ni meno."

"Meno gani tena, mama? Mtoto anatafuna mpaka karanga!"

 Siku hizo wawili hao hawakuzungumza sana. Kila mmoja alimtazama mtoto, kisha akamtazama mwenzake.

Jumatatu moja, Bi Mwanarehema alikuwa akifagia chumba cha mwanawe. Fagio liligonga kitu chini ya kitanda. Alikivuta. Ulikuwa mkoba. Ndani mlikuwa na nguo za Nadira, zimekunjwa vizuri, pamoja na mwanasesere wake wa kitambaa.

Jioni aliwasikia wakizungumza uani.

"Ijumaa nampeleka kwa mama, Magogoni," Nasreen alisema. "Akae huko mpaka apate nguvu."

"Akae kwa muda gani?" Ismail aliuliza.

"Sijui. Miezi. Siwezi kumtazama mwanangu akiisha hivi."

Bi Mwanarehema aliketi kitandani mwake. Magogoni si mbali kwa mtu mwenye miguu. Lakini kwake yeye na magoti yake, kuvuka feri na kupanda magari mawili ilikuwa safari ya mara moja kwa mwaka. Nadira ndiye aliyemwamsha kila asubuhi kwa kumvuta leso. Aliogopa. Aliogopa mtoto asipone, na aliogopa mtoto aondoke.

Kesho yake, Jumanne, alikuja Mercyline.

Mercyline ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Kazi yake ni kutembelea nyumba za mtaa na kuzungumza na watu kuhusu afya. Kwao ni Busia, lakini amekaa Shika Adabu miaka tisa.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu, karibu. Pita uketi."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za watoto?"

"Wazima, Bibi."

Bi Mwanarehema alikuwa akipaka samaki manjano na kitunguu thomu. Alijifuta vidole kwenye leso. Mgeni kwanza hupewa maji. Aliitwaa kata, akaichovya mtungini, akajaza bilauri, akampa.

Mercyline aliipokea. Akaitazama. Hakunywa.

Bi Mwanarehema alikunja uso. "Mbona hunywi? Maji yangu yana nini?"

Mercyline alitamani ardhi ipasuke. Maji ya nyumba hii hayakuwahi kukataliwa. Hata hivyo aliinua bilauri kwenye mwanga.

"Bibi, hebu tazama hapa."

Ndani ya maji mlikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya njano. Ulikuwa ukitambaa taratibu kuelekea chini.

"Ah! Manjano tu hayo," Bi Mwanarehema alisema. "Manjano hayamdhuru mtu."

"Kweli, hayamdhuru mtu. Lakini yameingiaje?"

Bi Mwanarehema alitazama vidole vyake. Vilikuwa vya njano hadi kwenye kucha. Aliitazama kata na mpini wake mfupi. Vidole vilikuwa vimeingia majini pamoja nayo.

"Manjano tunayaona kwa sababu yana rangi," Mercyline alisema kwa upole. "Vijidudu vya tumbo havina rangi. Mtu akitoka msalani bila kunawa kwa sabuni, akashika kata hii, vinaingia vivyo hivyo. Watoto wa madrasa wanakunywa hapa, si ndiyo?"

"Wote," Bi Mwanarehema alijibu, na sauti ilikuwa imepungua.

Nasreen alitoka ndani, Nadira akiwa kiunoni. Mtoto hakucheka na mgeni kama kawaida yake. Alilaza kichwa begani kwa mamake. Nasreen alieleza yote: kuhara mara tatu, zahanati, kuchemsha.

"Hebu nionyesheni vile mnafanya na maji," Mercyline alisema. "Kutoka kisimani mpaka mdomoni."

"Namna mnavyofanya," Bi Mwanarehema alimsahihisha. Hata katika huzuni hakuweza kuliacha kosa lipite.

Mercyline alicheka. "Namna mnavyofanya, Bibi. Miaka tisa na bado ninakosea."

Walienda jikoni. Nasreen alionyesha sufuria yake, kuni zake, na mfuniko wake. Alieleza kwamba husubiri mapovu makubwa yapande, kisha huhesabu dakika nzima ndipo aipue. Huyaacha yapoe ndani ya sufuria hiyo hiyo, yakiwa yamefunikwa.

"Hapa hakuna kosa hata moja," Mercyline alisema. "Ukiyachemsha hivi, vijidudu vimekufa. Umefanya vizuri sana."

Nasreen aligeuka upande akajifuta macho. Safari hii haukuwa moshi. Kwa wiki nyingi alikuwa amejilaumu, na hakuna aliyemwambia neno kama hilo.

"Yakipoa unafanyaje?"

"Namimina mtungini."

"Mtungi ukiwa mtupu, umeoshwa?"

Nasreen alimtazama mama mkwe wake. Bi Mwanarehema ndiye aliyejibu. Alieleza habari ya Ijumaa, chetezo na ubani. Alieleza na maji ya zamani yanayorudishwa. "Kama hamira," alimalizia.

Mercyline, aliyekuwa akiandika daftarini, aliinua kalamu.

"Bibi, hamira kidogo inafanya nini kwenye unga?"

"Inaumua unga wote."

"Basi na vijidudu ni hivyo hivyo. Vichache vinatosha. Maji ya zamani yameshikwa na mikono ya watu wote. Ukiyarudisha, vinaongezeka kwenye maji mapya. Nasreen anaviua jikoni, halafu sisi tunavirudisha barazani."

"Na ubani je? Moshi hauviui?"

"Moshi unaleta harufu nzuri. Wallahi, Bibi, hakuna maji matamu kama yako mtaani. Lakini harufu nzuri si usafi."

Bi Mwanarehema aliketi kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. 

"Yaani ni mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayemuumiza mjukuu wangu."

"Hukujua, Bibi."

"Mamangu alifanya hivi siku zote. Na sisi tulikua."

"Mlizaliwa wangapi?" Mercyline aliuliza.

Bi Mwanarehema alifungua mdomo ajibu upesi, kisha akasita. "Tisa," alisema. "Tulikua watano. Wale wanne walikwenda wangali wadogo. Matumbo. Watu walisema ni jicho la hasidi."

 Nadira alinyoosha mkono akamvuta bibi yake leso, kama afanyavyo asubuhi. Bi Mwanarehema alimpokea akampakata.

Nasreen aliuliza polepole, "Sasa mtungi tuutupe?"

"Hapana!" Mercyline alisema. "Mtungi wa udongo ni mzuri, unapoza maji. Tutabadilisha mazoea tu."

Akawaeleza. Mtungi usuguliwe ndani kwa brashi na maji yaliyochemshwa yenye sabuni kidogo. Usuuzwe vizuri na uanikwe juani ukauke. Kufukiza si kosa. Bibi afukize atakavyo. Lakini maji ya zamani yasirudishwe kamwe. Yatiwe maji yaliyochemshwa tu, na mtungi ufunikwe kila wakati. Na mikono isiingie ndani tena.

"Tutatekaje?" Bi Mwanarehema aliuliza.

"Tutauwekea bilula ya kufungulia maji, chini hapa."

"Uutoboe mtungi wa mamangu?"

"Au tununue ndoo ya plastiki yenye bilula yake."

"Maji ya ndoo yana ladha ya ndoo!" Bi Mwanarehema alisema, na ule ulimi wake ukarudi kidogo. Alimtazama Nadira mapajani. Alimpapasa mgongo, akausikia mfupa mmoja mmoja chini ya vidole.

"Mwiteni fundi," alisema.

Fundi alikuwa Karisa, anayetengeneza mabomba mtaani. Alikuja Alhamisi na keekee yake ya mkono ya kutobolea. Aliugongagonga mtungi kwa ukucha, akausikiliza.

"Udongo wa zamani huu," alisema. "Mzuri. Lakini nikienda kwa pupa utapasuka. Bibi, mimi siahidi."

"Bismillahi, fundi. Fanya," Bi Mwanarehema alisema. Kisha akamchukua Nadira, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Karisa alilowesha udongo kwa maji. Akazungusha keekee polepole. Akasimama, akalowesha tena, akazungusha. Kule ndani Bi Mwanarehema alisikia kila mkwaruzo. Alimhesabia Nadira vidole vya mkono, moja mpaka tano, tena na tena, ili asisikie. Kisha kukawa kimya.

"Bibi! Njoo uone."

Alitoka taratibu. Mtungi ulikuwa umesimama pale pale, mzima. Chini ya tumbo lake iling'ara bilula ndogo, na mpira umeibana ndani na nje. Nadira alikwenda moja kwa moja akaishika. Mpaka leo anaamini ilitiwa kwa ajili yake.

Ijumaa ikafika. Ndiyo siku ambayo Nasreen alipanga kwenda Magogoni. Mkoba ulikuwa ungali chini ya kitanda.

Bi Mwanarehema aliamka mapema. Maji ya zamani aliyatoa tangu Alhamisi, kabla Karisa hajaanza, nayo yalikuwa kwenye sufuria yake kama desturi. Aliusugua mtungi, akauanika. Ulipokauka aliufukiza. Nasreen alileta maji yaliyochemshwa jana yake, akayamimina. Kisha Bi Mwanarehema aliinua ile sufuria ya maji ya zamani. Mikono ilijua njia yake. Ilikwenda mdomoni mwa mtungi yenyewe. Akasimama. Nasreen alimtazama.

Bi Mwanarehema aligeuka, akashuka ngazi ya baraza, akayamwaga kwenye shina la mpapai.

"Haya," alisema. "Mpapai ule hamira."

Nasreen alicheka. Hawakuwa wamecheka pamoja muda mrefu.

Saa nne ilipita, na saa sita pia. Nasreen hakuutoa mkoba. "Tungoje wiki moja," alimwambia Ismail kwenye simu. Wiki ilipokwisha alisema wangoje nyingine.

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yote yalikuwa rahisi. Maji ya kwanza Bi Mwanarehema aliyaonja akatingisha kichwa. "Yamekosa kitu," alisema. Alilalamika Ijumaa mbili. Ya tatu alisahau kulalamika.

Kisha mvua ilizidi, kuni zikalowa, na maji ya kisima yakaingia tope. Mercyline aliwaletea chupa ya dawa ya maji. Aliwafundisha kuyachuja maji kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, mpaka tope liishe. Kisha wapime dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, wakoroge, wafunike, na wangoje nusu saa kabla ya kunywa.

"Yananuka hospitali," Bi Mwanarehema alisema.

"Harufu hiyo ndogo ni dawa ikifanya kazi, Bibi. Usizidishe kipimo, na usipunguze."

"Sizidishi. Nani atazidisha kitu kinachonuka hivi?"

Lakini kazi kubwa ilikuwa watoto wa madrasa. Siku ya kwanza walikuja mbio kama kawaida. Mmoja alitafuta kata kwenye msumari asiione.

"Kata imestaafu," Bi Mwanarehema alimwambia. "Sabuni ile pale. Mikono kwanza!"

Kando ya baraza walining'iniza dumu la maji lenye bilula, la kunawia. Kila mtoto alinawa, akapewa kikombe safi, akakinga maji. Aliyejaribu kupita bila kunawa alirudishwa mpaka kwenye dumu, tena kwa maneno. Baada ya muda hakuna aliyejaribu. Mama zao nao wakaanza kuuliza, na Bi Mwanarehema akawa anaeleza yote tangu kisimani mpaka mdomoni. Alieleza habari ya hamira pia, ingawa ilimuuma kila mara. Nyumba mbili za jirani zikamwita Karisa.

Nadira alihara mara moja tena, siku chache tu baada ya bilula kutiwa. Walimpa ule unga wa chumvi na sukari na wakampeleka zahanati siku hiyo hiyo. Kisha ikawa basi. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Kliniki walimpima, na muuguzi akamwonyesha Nasreen mstari kwenye kitabu cha mtoto. Ulikuwa ukipanda.

Ilipokaribia Idi, Nasreen alitaka kwenda Magogoni kuwasalimu wazazi wake, siku mbili tu. Alipiga magoti akauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda. Ulikuwa na vumbi. Alitoa gauni la juu, la buluu, akamvisha Nadira.

Gauni lilikwama kwenye mabega. Alilivuta huku, akalivuta kule. Nadira alipiga kelele, mikono imenyooka juu, kichwa kimepotea ndani ya kitambaa.

"Mama! Njoo unisaidie!"

Bi Mwanarehema alikuja mlangoni. Aliliona gauni. Aliuona mkoba wazi sakafuni. Wawili hao walivuta pamoja, na mtoto akatoka akiwa amevuta mdomo kwa hasira. Nasreen alitoa gauni la pili, halafu la tatu. Hakuna lililomtosha.

Bi Mwanarehema alianza kucheka. Kisha akawa analia, na hakujificha.

"Niliuona mkoba huu siku nyingi," alisema. "Siku ile nafagia."

Nasreen alishtuka. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia nini? Ulitaka kumwokoa mwanao. Ningekuzuia kwa lipi?" Alijifuta uso kwa leso. "Nisamehe, mwanangu. Nilikwambia huchemshi vizuri."

Nasreen aliliweka gauni chini, akamsogelea. Alimshika mkono.

Bi Mwanarehema aliuachia mkono huo baada ya kitambo, akatoka barazani. Alinawa kwa sabuni. Alitwaa kikombe safi, akakikinga kwenye bilula, na maji ya ubani yakashuka, meupe, bila uzi wa rangi yoyote. Katika nyumba ile maji ya kwanza yalikuwa ya mgeni siku zote. Siku hiyo alirudi nayo chumbani, akampa Nasreen.